Bernadine na Jina la Jengo Jeusi

Bernadine Mazurek alikuwa na miaka sitini na nne alipoandikiwa barua ya kumtaka aache kuliita kwa jina lake jengo aliloliona tangu halijaisha kujengwa. Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilimshukuru kwa kusimama kwenye boti kila kiangazi na kuwasimulia wageni habari za majengo ya Chicago yaliyo kando ya mto. Ya pili ilisema kwamba boti mbili za kampuni zimeshafungiwa mashine yenye sauti iliyorekodiwa California, na kwamba hatima ya boti ya tatu, ambayo ni yake, itaamuliwa baada ya mtihani. Mwongozaji atakayetaja jengo lolote kwa jina lisilo rasmi atakabidhi kipaza sauti.

Majengo mengine hayakumtia hofu. Ile minara miwili ya mviringo ambayo kila mtu huiita Magunzi, yeye aliweza kuitaja kwa jina lake la kitabuni bila kujiuma ulimi. Lililomshinda ni moja, lile jeusi la ghorofa mia na kumi. Kwenye ramani na mlangoni pake linaitwa Willis, na limeitwa hivyo tangu mwaka 2009. Mjini linaitwa Sears. Duka kubwa lenye jina hilo lilihama humo zamani, lakini jina halikuhama nalo. Ukimwuliza mtu wa Chicago Willis yuko wapi, atakwambia labda kazini.

Baba yake Bernadine aliendesha lori la kokoto kwenye ujenzi wa jengo hilo kwa wiki sita, na kwa miaka thelathini iliyofuata akasema alilijenga. Siku za mawingu aliwatoa watoto barazani, akawaonyesha upande wa kaskazini na kuwaambia kuwa lipo, ila leo halionekani. Bernadine hakuwahi kupanda juu yake. Hakumjua jirani aliyewahi kupanda. Kupanda ni shughuli ya wageni.

Kabla ya boti alipika miaka ishirini na saba katika jiko la shule ya msingi. Katika miaka hiyo yote maneno aliyoyasema mara nyingi zaidi ni "songa mbele" na "chukua na tunda". Alipostaafu alikuta nyumbani kuna mumewe, Casimir, na redio. Casimir aliisikiliza redio, na redio haikumsikiliza mtu. Ndipo Bernadine alipoona tangazo la kampuni ya boti, akaenda maktaba, akasoma vitabu kumi na vinne, akafanya usaili na kupewa kipaza sauti. Hayo yalikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Ndani ya boti watu themanini hukaa dakika tisini, na hawana pa kwenda kwa sababu pande zote ni maji. Hakuna aliyewahi kumsikiliza kwa muda mrefu kiasi hicho, hata padri.

Kwa hiyo alipopata barua hakulalamika. Alianza mazoezi jikoni. Casimir, fundi mstaafu wa mabasi, ndiye aliyemshikia picha iliyokatwa kwenye kalenda.

"Hili nini?"

"Willis."

"Umesema kama mtu anayeng'olewa jino."

"Si nimesema?"

"Basi na soseji nayo uanze kuitia tomato sosi kama wasio wa Chicago, aibu iwe moja. Tuhamie Ohio kabisa."

"Caz, nikinyang'anywa kipaza sauti nitakuwa hapa na wewe kutwa."

Casimir alifikiri kidogo. "Rudia," alisema, akainua picha juu zaidi.

Walirudia siku kumi. Siku ya kumi na moja Bernadine alipata mbinu. Kulikuwa na fundi wa majiko ya shule aliyeitwa Bwana Willis, mtu mfupi, mpole, aliyesema kila mara kwamba kifaa kitafika Alhamisi. Bernadine akaanza kulitazama jengo huku akimwaza yule fundi amesimama kati ya maghorofa na sanduku lake la vifaa. Neno likatoka. Casimir aliishusha picha bila kumpongeza, kwa sababu hakuona cha kupongeza.

Mtihani ulikuwa Jumanne, safari ya saa nne asubuhi. Meneja mpya, Preston Haldane, kijana wa Phoenix, mji ambao mto wake kwa kawaida hauna maji, alikaa kiti cha mbele akiwa na fomu kwenye ubao. Alikuwa mtu wa adabu na tai yake ilikuwa imenyooka. Alimwambia Bernadine asimjali, afanye kama hayupo.

Kwa kawaida abiria wa Jumanne ni wageni watupu, na mgeni ukimwambia jengo linaitwa Willis hupiga picha. Lakini Jumanne hiyo walipanda watu sitini wa pamoja, wamevaa tishati za kijani. Walikuwa mafundi bomba wastaafu wa upande wa kusini mwa mji, na wake zao. Tiketi walizinunua wake zao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupanda boti ya watalii, na wanaume walikaa wamekunja mikono kama watu walioletwa kwa daktari.

Nahodha, Lamar Treadwell, aliwatazama wakiingia, kisha akamtazama Bernadine.

"Dada, hawa ni wa kwetu."

"Nimeona."

"Na leo ndiyo leo."

"Endesha boti, Lamar."

Mambo yalianza vizuri. Aliyataja Magunzi kwa jina rasmi, na mafundi wakamsamehe kwa sababu alieleza pia magari yanavyoegeshwa humo ghorofa juu ya ghorofa. Alisimulia jinsi mto huu ulivyogeuzwa mwaka 1900, ukaacha kuingia ziwani ukaanza kutoka ziwani, ili uchafu wa mji usirudi kwenye maji ya kunywa. Wakaitikia kwa vichwa. Hilo lilikuwa jambo la bomba. Preston alitia alama kwenye fomu, moja baada ya nyingine.

Boti ikakata kuelekea tawi la kusini, na lile jengo jeusi likajitokeza. Bernadine akamwaza fundi wa majiko.

"Kushoto kwenu," alisema kwa sauti safi, "ni Mnara wa Willis."

Mzee mmoja mnene wa safu ya tatu, ambaye mkewe alikuwa amemwita Gus tangu walipopanda, alikunjua mikono yake.

"Mnara wa nani?"

"Wa Willis."

"Mama, samahani. Wewe mtu wa wapi?"

"Bridgeport," alisema, akitaja mtaa wa upande wao huohuo wa kusini.

"Bridgeport ipi, ya kule jimbo la Connecticut?"

Watu wakacheka. Bernadine alikisogeza kipaza sauti mdomoni. "Barabara ya thelathini na tatu, karibu na mtaa wa Wallace," alisema.

"Parokia gani?"

"Mtakatifu Kunegunda."

Mafundi wakatazamana. Parokia hiyo waliijua.

"Mtu wa Kunegunda," Gus alisema polepole, "na anatamka neno hilo mchana kweupe."

"Muache, Gus," mkewe alisema. "Pengine wamemlazimisha." Akamtazama Preston na tai yake. Watu sitini nao wakamtazama. Preston alitia alama moja, kwa kuwa jina lilikuwa limetajwa sawasawa.

Bernadine aliendelea. Alisema jengo ni kama minara tisa myembamba iliyofungwa pamoja kama sigara ndani ya pakiti. Fundi mmoja wa nyuma akamwuliza mwenzake, bila kupunguza sauti, kama hayo nayo ni kweli au yameandikwa ofisini. Mwenzake akasema kwamba sasa ana wasiwasi hata na ule mto. Mto mzima unageuzwaje? Mwingine akasema inawezekana kukiwa na mteremko wa kutosha. Wa nne akauliza mteremko wa inchi ngapi kwa maili. Hapo ikawa basi. Mafundi bomba wote waligeuziana viti, wakaanza kubishana juu ya mteremko, na wake zao wakatoa mikate kwenye mifuko.

Bernadine alisema habari za daraja, na hakuna aliyegeuka. Alisema habari za jengo la zamani la posta, na alijisikia kama amesimama tena nyuma ya sinia la viazi. Watalii watatu wa Japani peke yao ndio waliomtazama, kwa huruma. Aliona safari ikimwishia mikononi. Ilikuwa imebaki nusu saa, na kipaza sauti alikuwa nacho bado, na hakikuwa na kazi.

Alikigonga mara mbili kwa kidole.

"Kwenye karatasi ni Willis," alisema. "Jina lake ni Sears. Baba yangu alipeleka kokoto pale. Na mteremko wa mto nimeusoma kwenye kitabu cha kurasa mia nne. Anayetaka namba ninazo, ila anyamaze kwanza."

Wakanyamaza. Gus akakigeuza kiti chake kikatazama mbele.

"Sasa unaongea," alisema. "Inchi ngapi?"

Akawapa namba. Zikajadiliwa, zikakubalika. Nusu saa iliyobaki walimsikiliza kama darasa la watoto wazuri, na walipofika gatini mwanamke mmoja alimshika mkono, akamwambia kwamba alikuwa hajui mji wao una vitu vyote hivi, na kwamba hatarudia tena kupanda, lakini amefurahi.

Watu walipokwisha kushuka, Preston alibaki kwenye kiti chake na fomu magotini. Bernadine alisimama mbele yake, kipaza sauti mkononi, tayari kukikabidhi.

"Hapa pameandikwa: ametaja jina rasmi, ndiyo au hapana," Preston alisema. "Ulilitaja, Bi Bernadine."

"Nililitaja."

"Kisha ukataja lile lingine."

"Nalo nililitaja."

"Fomu haina mahali pa mtu aliyetaja yote mawili." Aliigeuza nyuma kuhakikisha. Nyuma hapakuwa na kitu. Akamwita Lamar. "Nahodha, wewe umesikia nini?"

"Mimi nilikuwa natazama daraja, bosi."

"Daraja liko juu. Masikio yalikuwa wapi?"

"Nayo yalikuwa kwenye daraja."

Preston aliirudisha fomu magotini. Alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu ulimpa taabu. "Kama ningekuwa nimeuliza kwa nini ulitaja la pili," alisema mwishowe, "ungenijibuje?"

"Walikuwa hawanisikii tena," Bernadine alisema. "Mashine haijali ikisikilizwa au isiposikilizwa. Mimi najali."

Preston alitazama viti vya mafundi vilivyokuwa bado vimegeukiana, isipokuwa safu ya tatu. Akaweka alama kwenye ndiyo, akafunga kalamu, akashuka.

Jumatano asubuhi ukurasa mpya ulikuwa umebandikwa ndani ya chumba cha usukani, umepigwa mhuri wa kampuni. Ulisema kwamba boti ya tatu itaendelea na mwongozaji wake, na kwamba jina rasmi la jengo litatajwa daima na kwa ufasaha. Chini yake palikuwa na sentensi moja ambayo, kwa jinsi ilivyonyooka, ni Preston tu angeweza kuiandika: *Iwapo abiria atauliza, mwongozaji anaruhusiwa kukiri.*

Bernadine aliisoma mara mbili, akavaa miwani ya jua, akatoka kwenye sitaha. Siku hiyo alikiri mara nne. Safari ya mwisho ilikuwa ya watu wa Texas, wapole, ambao hawakuuliza lolote. Aliwakiria bila kuulizwa.