Kikombe cha Gyalzen

Wageni anaowaongoza Gyalzen milimani hutembea polepole. Hawana haja na kilele cha mlima. Wao hulipia kukaa jikoni, kumenya viazi na wenyeji na kuuliza jina la kila mbuzi. Phuti Yangji, mwenye jiko hilo, aliwapenda. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kwake, theluji ikishafunga njia, hapiti mtu hadi majira yageuke.

Mumewe alifukiwa na theluji akibeba mizigo ya wapanda milima. Watawa walimsomea wakaionyesha roho yake njia, na tangu siku hiyo jina lake halitamkwi. Hata hapa halitatamkwa. Ukimwita aliyekufa, anageuka. Anarudi kusimama mlangoni, haingii wala haendi. Kila mtoto wa huku analijua hilo, sembuse Gyalzen, mdogo wa marehemu, wa tumbo moja.

Alasiri moja Phuti alikuwa akiwamiminia wageni chai ya siagi, Gyalzen akiwapigia soga kwa lugha yao. Phuti hakuambulia kitu, mpaka katikati ya maneno yale akalisikia jina. Kisha akalisikia tena. Wageni wakageuka kumtazama, na bibi mmoja mwenye kofia nyekundu akafuta machozi.

Si mara ya kwanza Gyalzen kulitaja. Alishamwonya huyu mtu kando ya zizi, akacheka na kuapa hatarudia. Kumbe msiba wake umekuwa bidhaa.

"Gyalzen, umemwita."

"Ah, shemeji, hawa hawajui kitu. Ni hadithi tu, inawagusa."

"Hawajui wao. Yeye je, hasikii?"

"Basi yaishe. Niongeze chai."

Akanyoosha kikombe. Huku kikombe cha mgeni hakiachwi kikauka, na Gyalzen aliitegemea desturi hiyo kama alivyotegemea kila kitu cha nyumba ile. Phuti akakipokea. Akakifuta taratibu, akakifudikiza rafuni, ubavuni mwa kile cha mumewe, kilichofudikizwa tangu siku ya theluji.

Wageni wakatabasamu, wakidhani ni mila nzuri. Mmoja akapiga picha. Gyalzen alikwajuka, akatoka bila kuchukua koti.

Alimtuma mkewe aombe radhi. Phuti akampa mwanamke chai na viazi, wakaongea habari za mayaki, ng'ombe wao wa manyoya marefu. Gyalzen mwenyewe akipita na wageni wake, Phuti humtazama kama mtu anayetazama njia tupu.

Mwaka uliofuata yule bibi wa kofia nyekundu alirudi na kiongozi mwingine. Alipokwisha kuketi akauliza, kupitia kwa kiongozi wake, Gyalzen yu hali gani.

Phuti akakijaza kikombe cha bibi hadi ukingoni.

"Mwambie huku hatutaji majina ya waliokufa."

Kiongozi, ambaye asubuhi hiyo hiyo alisalimiana na Gyalzen darajani, aliangalia rafuni, akaviona vikombe viwili. Akatafsiri neno kwa neno. Bibi akashika kifua, akalia tena. Phuti akamwongezea chai.