Mpaka Ijumaa

Bi Mwatima wa Pujini alianza kujifunza Kiingereza akiwa na mvi, kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mwanawe wa pekee, Talib, alifia Uingereza akaacha binti, Suhaila, aliyelelewa na mama wa kule bila neno la Kiswahili. Wakipigiana simu hawaelewani, basi huandikiana maneno machache ambayo Bi Mwatima hufundishwa na jirani yake, mwalimu Ummkulthum.

Mwaka huu Suhaila aliandika kwamba yuko Unguja matembezini, “until Friday”, na anatamani kumwona bibi. Mwalimu alikuwa msibani Wete. Bi Mwatima akakumbuka mwenyewe: “until” ni mpaka. Mpaka Ijumaa mtoto atakuwa ameshafika! Akajibu kwa Kiingereza, karibu mwanangu, akatandika shuka mpya.

Ijumaa akapika pweza wa nazi na mkate wa kumimina. Kila gari ikipita, anatoka mlangoni. Wanaume wakarudi msikitini, alasiri ikaadhiniwa, pweza akapoa. Ndipo kwenye simu ikaingia picha: Suhaila uwanja wa ndege, macho mekundu, na chini yake maneno mengi.

Mwalimu aliporejea jioni, Bi Mwatima alimpa simu hata kabla ya salamu.

“Anasema alikungoja Unguja siku zote hizo,” mwalimu alisoma. “Alidhani wamkaribisha visiwani tu, kisha utavuka bahari wewe.”

“Si alisema atafika mpaka Ijumaa?”

“Alisema atakaa Unguja mpaka Ijumaa, kisha aondoke. ‘Until’ ndiyo hiyo, jambo laendelea, siku ikifika lakoma. Angekuwa anakuja, awe ameshafika siku hiyo au kabla yake, angeandika ‘by Friday’.”

“Na sie zote mbili twasema mpaka.”

“Zote, Bi Mwatima.”

Akaitazama tena ile picha. Mtoto ana paji la Talib.

“Kwa hiyo tulikuwa twangojana,” alisema. “Yeye kule, mie hapa.”

Mwalimu akajitolea kumwandikia jibu. Bi Mwatima akakataa, akaandika mwenyewe kwa vidole vizito kwamba bado yupo, amngoja. Suhaila alijibu kesho yake kwamba atarudi akipata likizo. Lini, hakusema, na Bi Mwatima hakujua Kiingereza cha kumwuliza bila kumlaumu.