Mshipa Ulionyamaza

Nilipoanza kusafishwa damu hapa Garissa, figo zangu zikiwa zimeshindwa kazi, daktari aliunganisha mishipa miwili ndani ya mkono wangu wa kushoto ili sindano za mashine zipate pa kuingilia. Jeraha lilipopona, ngozi ya mahali pale ikawa inatetema muda wote, kama nyuki waliofungiwa kibuyuni. Mama alitoka kijijini Buna kuja kunitunza. Alikulia nyuma ya ngamia, na mashine hakuziamini, lakini mtetemo ule aliuamini. Kila asubuhi baada ya sala aliinamisha sikio mkononi mwangu, kisha akasema, "Alhamdulillahi, uko hai."

Sindano zilikuwa nene kama za kushonea magunia. Zikiingia niliuma ncha ya mtandio. Baadaye, mashine ikishavuta maji mengi, misuli ya miguu ilijikunja ghafla, nami nikapiga ukelele mbele za wanaume bila haya. Mama alinikandamiza unyayo kwa kiganja. "Vumilia, hooyo," aliniambia, maana kwetu mama humwita mtoto kwa neno lile lile analoitwa yeye.

Kisha siku moja maumivu yakabadilika. Sindano ilipoingia, kitu kama moto kilipanda hadi begani, na vidole vikawa baridi ilhali jua lilikuwa linachoma mabati. Nikamwambia muuguzi, mwanamke wa kutoka bara. Aliupapasa mkono, akarudia kuupapasa.

"Dada, hii imeanza lini?"

"Leo."

"Ukifika nyumbani usiulalie huu mkono. Wala usibebe kitu." Hakunitazama usoni.

Asubuhi iliyofuata Mama aliinama kama kawaida. Akakawia. Akahamisha sikio, akapanda nalo kuelekea kiwiko, akashuka tena. Mbuzi wa jirani walikuwa wakilia, akafoka wanyamazishwe.

"Hooyo, sisikii kitu."

Nikajigusa mwenyewe. Ngozi ilikuwa ngumu, imetulia, kama mkono wa mtu mwingine.

Hospitalini walituambia damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa, na hautafunguka tena. Lakini mwili wangu haungeweza kungoja, hivyo siku ile ile walinitoboa shingoni na kupitisha mrija hadi karibu na moyo. Ganzi ilishika ngozi tu. Kule ndani nilihisi kila msukumo. Nyuma ya pazia Mama alikuwa akisoma Yasin.

"Mama, mbona Yasin?" niliita. "Sijafa mimi."

"Nasoma ili usife," akajibu, akaendelea.

Mrija ulifanya kazi. Miguu ilizidi kukakamaa kila niliposafishwa, lakini kila mara nilirudi nyumbani. Muuguzi alinionya nisiuloweshe wala kuuacha wazi kwenye vumbi: uchafu ukiingia humo unaingia moja kwa moja kwenye damu. Katika mji wetu, nani atalikwepa vumbi?

Jana, nikiwa nimefika tu nyumbani kutoka kwenye mashine, baridi ilinishika hadi meno yakagongana. Mama alinifunika mablanketi katika joto lile, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akauondoa haraka.

"Inuka, hooyo. Tunarudi hospitali."

Nayaandika haya kitandani, hospitalini, dawa ikidondoka mshipani. Homa imeshuka kidogo, haijaondoka. Shingo inapwita. Daktari amepita mara mbili, na mara zote mbili amezungumza na Mama nje, mlangoni.