Honi ya Arusi Kwenye Mazishi

Gari hutengenezwa, jina la mtu ndilo lenye kazi kulitengeneza. Basi msimwulize Papa Octave Kabuya habari za gari lake, atawajibu kwa matusi.

Kwa miaka kumi na tisa alibeba maiti wa mtaa wa Panda, mjini Likasi, katika gari lake jeupe refu, polepole, bila kupiga honi hata mbuzi akilala katikati ya barabara. Likasi, honi zinazolia mfululizo ni za arusi. Anayeelekea makaburini hunyamaza. Ndiyo maana hata wenye magari yao walimwita yeye.

Mzee Théodore alipofariki, Jumatano, wengi walidhani safari hii Octave hataitwa. Wawili hao waliimba kwaya moja tangu ujana, mpaka siku Octave alipokataa binti yake Tina asiolewe na kijana wa Théodore. Miaka miwili hawakupeana mkono. Lakini mjane, Mama Colette, alituma neno: mume wangu atabebwa na Octave. Octave alilia, hakuona haya. Kisha, kwa kuogopa gari lisije likamzimikia rafiki yake akiwa ndani, alimpita fundi wake wa kila siku bila hata kumsalimu, akalipeleka mpaka Lubumbashi, kwa wale wauza magari mapya wenye karakana ya vioo na mafundi wasio na doa la grisi.

Aliomba mafuta ya injini na breki tu. Wao, kwa ujuzi ambao hakuna aliyewaomba, wakafungua na usukani. Ijumaa wakamrudishia gari limeoshwa, na karatasi yenye muhuri: hakuna tatizo. Barabara ya kurudi Likasi haina kona za kupinda usukani sana, na zile za mjini alizipata za kulia tu; hakugundua kitu.

Jumamosi, wakitoka kanisani na jeneza ndani, akakata kushoto. Gari likapiga honi lenyewe. Lililia muda wote usukani ulipokuwa umepinda, mbele ya padri, mbele ya kwaya, mbele ya watu mia mbili waliokuwa wakitembea na machozi yao. Aliponyoosha, likanyamaza. Kona ya pili nayo ilikuwa ya kushoto, na njia nyingine hakuna. Likalia zaidi.

Michel, mdogo wa marehemu, akapiga boneti kwa ngumi.

"Papa Octave! Ndoa ulikatala, leo unatupigia klaksoni ya ndoa juu ya maiti?"

"Haina minye, Michel! Njo motokari. Balifungula volant kule Lubumbashi. Unipe dakika mbili, nitoshe fusible." Octave aliapa kwamba si yeye ni gari, akitaka kuchomoa fyuzi ya honi.

"Fusible ya nini? Mukono yako njo iko na mubaya!"

Hakupewa hata dakika moja. Vijana walitoa jeneza, wakalipandisha kwenye pikapu ya muuza saruji. Mama Colette alipita karibu naye, hakumtazama. Octave alibaki kwenye kona, mlango wa nyuma wa gari ukiwa wazi.

Jumatatu alirudi Lubumbashi. Fyuzi hakuigusa makusudi. Aliingia ndani ya uwanja wao, akapinda usukani kushoto, akaushikilia hapo mpaka wateja wakaziba masikio na mkubwa wa karakana akatoka mbio.

"Mzee, ni kintu kiloko," yule mkubwa alisema baada ya kuchungulia. "Waya ilibanwa mu volant. Dakika kumi tu, na ni bule."

"Sikukwiya kutafuta bule! Andika mu karatasi: klaksoni ililia juu ya kazi yenu, haina mukono ya Octave. Na utie kashe."

"Karatasi ya vile hatuandikake, mzee. Tunatengeneza tu."

Shenzi kabisa! Muhuri wa kusema uongo walikuwa nao, wa kusema kweli hawana. Octave aliona wazi kwamba wakilitengeneza, shahidi wake wa pekee amekwisha. Aliwatukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiluba, akaondoka na gari vilevile bovu, akikata kila kona ya kushoto kwa makelele.

Jioni alifika kwenye kilio, nyumbani kwa marehemu. Mama Colette alikuwa ameketi mkekani pamoja na wanawake wengine.

"Mama Colette, sitasema mingi. Ukwiye uikale hapa mu motokari, uzungushe volant weye mwenyewe."

Mjane aliinuka taratibu, akaketi mahali pa dereva, akazungusha kushoto. Mlio ukapasua kilio chote. Aliuacha ulie kidogo, kisha akanyoosha usukani.

"Nilisikia, Papa Octave. Minye nakuamini."

Octave alishusha pumzi. Mama Colette alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama barabarani.

"Na bale bantu mia mbili? Utabaleta hapa moya moya, kila muntu azungushe?"