Sukari ya Mlango wa Uani

Mwenye duka la pekee pale Salale alipowaunga mkono wawekezaji waliotaka kukata mikoko wachimbe mabwawa ya kufugia kamba, mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema tumsusie. Wote wakakubali. Mwezi wa Ramadhani ukatukuta hivyo, watu wanafuturu kwa uji usio na sukari. Na mimi, mwenye mdomo, nikapitia mlango wa uani kwake, nikanunua kilo nzima.

Siku hiyo bibi wa jirani alifuturu kwangu. Alikuwa hajaonja kitamu tangu mwezi uandame. Akanywa uji, akanitazama.

“Pole, mwanangu, kufuata sukari mpaka mjini Kibiti.”

“Nimeshapoa, bibi,” nikasema, nikamwongezea kikombe.