Fremu Iliyonuka Ulanzi

Mpaka leo nikiingia jiko la marehemu baba mkwe nainamisha kichwa kama kuku aliyenyeshewa, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana aibu ile niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Enzi za Mwingereza nilikuwa seremala Njombe, na nilikuwa nakwenda Makambako kumposa Tumaini, binti wa mzee wa kanisa aliyeikemea pombe kila Jumapili. Tumaini alinipa kwa siri picha pekee ya marehemu mama yake, nimtengenezee baba yake kumbukumbu. Basi nikaokota ubao wa sanduku la chai, magome ya miti ya miwati, vifungo vya koti la askari na senti zenye tundu (hizo nilizifanya maua), nikaizungushia picha. Kazi hii hata wewe utaiweza ukiwa na subira: unapanga kwanza, unarudi nyuma unatazama, ndipo unagandisha. Ila sikuwa na fremu, na lori lilikuwa linaondoka, nikapasua mbeta za jirani, vile vipande vya mwanzi vya kukingia ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi, nikazipigilia bila kuzichemsha wala kuzianika, nikijiambia zitakaukia njiani.

Mimi na mjomba, mshenga wangu, tulikaa karibu na injini ya lori, zawadi ndani ya blanketi, joto likafanya kazi yake. Harufu niliisikia, lakini nilidhani ni mjomba, na kwa heshima nikanyamaza (naye, kumbe, alidhani ni mimi).

Tulipofika kwa kina Tumaini na kumaliza sala sebuleni, mzee, baba yake, akanusa.

"Kijana, umekunywa?"

"Hapana, baba."

"Sogea. Puliza."

Nikampulizia mzee wa kanisa usoni, mbele ya mashangazi wote.

"Na wewe, mshenga?"

"Mimi nina mafua, mzee," mjomba akajibu, akirudisha kiti nyuma.

Kwa haraka ya kuiokoa posa nikafunua blanketi, nzi wadogo wakaruka, na tone moja likatiririka kutoka kwenye fremu mpaka kwenye paji la uso la marehemu. Tumaini, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akajifunika kanga.

"Umemvika mke wangu mbeta," mzee akasema.

Nikajua nimemkosa Tumaini. Nikapangusa tone kwa mkono wa koti, nikatafuta mlango kwa macho. Mzee akaichukua picha, akaisogeza puani, akainusa mara mbili.

Shangazi mkubwa akasema polepole, "Kaka, ile mianzi ya bondeni kwao marehemu alikuwa anaigema nani?"

"Yeye," mzee akajibu. "Siku namposa alinukia hivi hivi."

Posa ikapokelewa. Picha ikatundikwa jikoni, kwa sababu sebuleni huja wachungaji, nami nikaapa kwamba mbeta sitaigusa tena.

Kiapo hicho nimekivunja mara moja tu. Miaka ilipita, na masika moja mzee akanivuta nyuma ya nyumba, akaangalia kama kuna mtu, akaninong'oneza: "Mkwe, fremu imekauka. Huko Njombe hakuna mbeta mbichi?"