Chungu cha Bibi Kilinidai Rejesho la Pili

Chungu cha bibi yangu kiliniita jina saa moja asubuhi, nikiwa na mswaki mdomoni.

"Yotamu," kikasema.

Nikageuka. Uani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na vyungu kumi na vinne vikisubiri soko la Jumamosi, na jogoo mmoja mwenye shughuli zake.

"Yotamu, mtoto wa Amon. Rejesho la pili liko wapi?"

Nikameza dawa ya meno.

Kabla hujasema dogo huyu ameanza kuvuta vitu, tulia. Nitaeleza yote kwa unyenyekevu, kama nilivyokuwa nikijieleza kwa mwalimu wa nidhamu kule bweni. Tofauti ni kwamba safari hii nasema kweli.

Nilimaliza kidato cha nne Novemba, nikarudi kwa bibi, huku kando ya ziwa, kusubiri matokeo.

Bibi Anyosisye ni mfinyanzi. Chungu kikishachomwa na kupoa, anakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikilia kwa sauti nyembamba, kizima. Kikilia bu, kina ufa. Anakitenga, hata mteja akikilia machozi hauzi.

Mimi nilikuwa na kazi moja tu, kupumzika. Niliifanya kwa bidii.

Sasa, Kyela mjini kuna jamaa mmoja anaitwa Telesphory. Ni Mhaya, aliletwa na ualimu, ualimu ukamshinda, akafungua duka. Anakopesha bila riba. Kitu cha laki na ishirini unakilipa kwa laki na ishirini, mara nne: elfu thelathini siku unayokichukua, kisha thelathini kila baada ya wiki mbili. Haongezi hata shilingi mia.

Ana masharti mawili. Uwe na mdhamini mtu mzima. Halafu, jina moja linashika kitu kimoja: mpaka deni liishe, jina hilo halikopi wala halidhamini kingine.

Mle dukani niliiona spika. Ilikuwa na taa zinazobadilika rangi. Sina la kuongeza katika utetezi wangu.

Kichwani nilipiga hesabu ya kijinga kuliko zote nilizowahi kupiga, na hesabu nilipata F. Nilijiambia, bila riba maana yake ni kama bure. Rejesho la kwanza nililipata kwa kuuza tranka na godoro la shule. Mengine matatu niliyaachia Mungu, bila kumtaarifu.

Ikabaki habari ya mdhamini.

Hapo ndipo mimi na rafiki yangu Jackson tulipotengeneza mchongo. Bibi akiwa kazini mikono yake imejaa udongo, kwa hiyo simu lazima ashikiwe sikioni. Jackson akakaa naye, kaishika ile simu yake ya kitochi, redio kaifungulia mpaka mwisho. Mimi niko dukani. Telesphory akapiga.

"Shikamoo mama! Mjukuu wako Yotamu anachukua spika hapa. Utamdhamini?"

Bibi hakusikia hata nusu. Ila bibi yangu ukimpigia simu kwa heshima, jibu lake ni moja.

"Ndaga! Ndaga fijo!"

Telesphory akaniangalia. "Amesemaje?"

"Amekubali," nikasema, uso mkavu. "Kwa lugha yetu ndaga ni ndiyo."

Kwa msiojua: ndaga ni asante, na fijo ni sana. Bibi alikuwa anamshukuru mtu kwa kumkumbuka.

Telesphory alinitazama kidogo, kama mtu anayezuia kucheka. Nikadhani ndivyo walivyo wenye maduka. Akaandika jina la bibi kwenye daftari. Nikaondoka na spika begani, mwanamume kamili.

Wiki mbili tulifanya vituko. Tuliificha spika ndani ya chungu sokoni, Jackson akijibanza na simu iliyounganishwa nayo nyuma ya mafungu ya kuni, na chungu kikawa kinawasalimia wateja: "Ugonile, mama!" Dada mmoja alikimbia akaacha kandambili zote mbili. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bibi hakucheka. Alikiinua kile chungu, akakigonga, akasikiliza, akakirudisha chini taratibu.

Kisha tarehe ya rejesho la pili ikafika. Mfukoni nilikuwa na mia tano na ufunguo wa tranka nililokwisha kuuza.

Telesphory akapiga simu. Nikala jiwe. Akapiga tena. Nikazima.

Baada ya siku tano bibi akaniambia, "Vaa shati zuri. Unanisindikiza mjini, kwa Telesphory."

"Kufanya nini, bibi?"

"Kuna kochi."

Lilikuwa kochi la mtu mmoja, jekundu, lenye mikono minene. Alikuwa ameliona tangu mwaka juzi. Miaka hamsini amefinyanga akiwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, na sasa alitaka mahali pa kuegemea mgongo jioni. Basi. Wala hakuwa amemwambia mtu.

Njiani akanionyesha kitambaa alichofunga hela. Laki moja na themanini, bei yote ya kochi.

"Sasa kama hela unayo, kukopa kwa nini?" nikauliza.

"Silali njaa nikiwa nayo," akasema. "Nampa kidogo kidogo, zingine zinakaa na mimi. Nikiumwa katikati, nina pa kushika. Kochi si dawa, baba. Kama huna hela yake, huli mkopo wake."

Nikaangalia nje ya dirisha la gari. Mashamba ya mpunga yalikuwa yanapita, na mimi nilitamani nishuke nikaishi humo.

Dukani Telesphory akafungua daftari, akashusha kidole, akasimama.

"Mama, siwezi kukuandikia. Jina lako limeshika kitu, na rejesho limechelewa."

"Limeshika nini?" bibi akauliza.

Akauliza huku ananiangalia mimi. Telesphory naye akaniangalia. Muda niliopewa pale ungetosha kuungama dhambi za ukoo mzima.

Nikasema, "Labda ni Anyosisye mwingine."

"Labda," akasema bibi.

"Kama una taslimu yote, libebe leo," Telesphory akasema kwa upole.

"Nikizitoa zote leo, masika nitapika kochi?"

Akalisogelea. Akapitisha kiganja juu ya mkono wa lile kochi, mara moja tu, kama anavyolainisha chungu kibichi. Akamwambia Telesphory "ndaga", tukatoka.

Njia nzima ya kurudi hakunisema. Afadhali angenichapa.

Sasa turudi uani, kesho yake, mswaki mdomoni.

Nilikisogelea kile chungu. Ndani mkawaka taa ya kijani, ikawa nyekundu, ikawa ya bluu. Spika yangu! Niliyoificha nyuma ya magunia ya mpunga!

"Ndaga, Yotamu," ikasema, na sasa niliitambua sauti. "Mimi ndiye yule Anyosisye mwingine."

Jackson akatokea nyuma ya banda na simu mkononi, macho chini. Msaliti. Bibi akatokea nyuma yake.

Nilianguka magotini bila kupanga. Nikasema yote: redio, kitochi, ndaga, tranka. Nikamalizia na "Anyosisye mwingine".

"Najua," bibi akasema.

"Jackson kakwambia?"

"Huyu nimemkamata jana. Telesphory alinipigia siku ile ile, hujafika hata nyumbani. Mkewe ni Felista wa Ikolo, mtu wa huku kwetu. Mtu ameoa Ikolo miaka kumi na miwili, wewe unamfundisha ndaga?"

Nilitamani ziwa lipande linichukue.

"Akaniuliza upya, taratibu. Nikamjibu ndiyo. Ndiyo ya Kiswahili."

"Kwa nini, bibi?"

"Ungeniomba, ningekubali. Nikasema, huyu ataniambia mwenyewe. Nikangoja. Hata jana pale dukani nilikuwa nangoja."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo ninapoandika. Uongo wangu wote ulikuwa wa kupata kitu ambacho ningepewa.

Nilidhani atalipa yeye, maana hela ilikuwa pale kwenye kitambaa. Hakulipa. Wala sikuwa na uso wa kuomba. Nilibeba udongo na kuni za wafinyanzi wa kijiji kizima, nikaenda Ikolo kupasua kakao mpaka vidole vikawa vyeusi. Nilipeleka thelathini, thelathini, na thelathini, zote zimechelewa. Telesphory hakuniongezea hata senti. Nilitamani angeniongezea.

Ila kochi jekundu halikunisubiri. Muuguzi mmoja aliyehamishiwa Kyela, dada Generosa, alilinunua taslimu wiki moja kabla sijamaliza. Nililiona likipita juu ya guta la mizigo, mikono yake minene ikiangalia mbinguni.

Jina la bibi lilipoachiwa, alipata kochi lingine. La kahawia, gumu kidogo. Anasema ni zuri. Anasema haraka mno.

Siku lilipofika aliniita, akakaa, akaniinamisha kichwa. Akanigonga kwa kifundo cha kidole katikati ya paji la uso. Akasikiliza.

"Bado kinalia vibaya," akasema. "Ila hakivuji tena."

Spika ipo. Bibi anasikilizia kwaya.

Basi, ninyi mnaoona tangazo la bila riba mkaanza kutokwa mate, sikilizeni mtu aliyepasua kakao. Kitu cha anasa kikope ukiwa na hela yake pembeni, na tarehe zake uzijue kama jina lako. Na kama unamwonea aibu mdhamini kumwambia unachokopa, usikikope. Riba sikutozwa mimi. Alitozwa bibi, na alilipa kwa kochi jekundu.